Rufaa ya Kwenda na Kurudi: Shajara ya Mafunzo ya Waganga na Wahudumu wa Afya, Chemba

Ripoti ya mfadhili ina majedwali yake na imeshakwenda. Hapa naweka yale ambayo jedwali haliyabebi, kwa ajili ya wenzetu wa Singida, Manyara na kwingineko wanaofikiria kuanzisha mafunzo ya namna hii. Tuko katika vijiji vichache vya Kwa Mtoro na Farkwa, wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma. Wenyeji wa huku ni Wasandawe, wanaoishi pamoja na Warangi, Waburunge, Wagogo na Wabarbaig wenye ng'ombe. Darasa letu lina makundi mawili: waganga wa tiba asili na wakunga wa jadi upande mmoja, vijana wa kujitolea wa afya ya jamii upande wa pili. Kwa kawaida makundi haya hukutana mgonjwa akishazidiwa, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama.

Oktoba 2024: Ruhusa

Barua za serikali zilipatikana bila shida. Halmashauri ikakubali, mratibu wa tiba asili wa wilaya akaahidi kuja mwenyewe, watendaji wa vijiji wakagonga mihuri. Kibarua kilikuwa kwa wazee.

Wanachoogopa ni orodha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake linasajili waganga, lakini kwa mzee wa kijijini daftari lenye jina lake linamkumbusha mwaka 2015. Mwaka ule, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, polisi wakaingia kwenye msako. Marufuku ilikuwa na sababu nzito, hilo halibishaniwi. Ila aliyekuwa akichemsha mizizi ya tumbo naye alificha mkoba wake darini.

Kwenye kikao cha kwanza mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, haya majina unayoandika yanalala wapi?"

Tulikubaliana hivi: daftari la mahudhurio linakaa kwa mtendaji wa kijiji, halina safu ya "aina ya tiba", na anayetaka usajili wa Baraza tunamsaidia kuandika barua. Asiyetaka asisukumwe. Ramli chonganishi, yaani ile ya kumtaja jirani kuwa ndiye mchawi, haina nafasi darasani, na kuhusu hilo hatukupiga kura. Wazee wenyewe walilisema kwa ukali kuliko sisi. Mmoja alikumbusha ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo wachezaji wake huwa simba kuwakabili wachawi wa kijiji. Akasema kazi ile ilichezwa hadharani, kila mtu akiona, wala haikunong'onwa kwenye sikio la mteja.

Novemba 2024: Awamu ya kwanza

Mpangilio wa mafunzo tuliutoa mbali. Huko Alaska, katika vijiji vya wenyeji asilia ambavyo vingine havifikiki ila kwa ndege ndogo au boti, kuna mpango wa wahudumu wa afya wa kijiji ulioanzia miaka ya 1950 wakati kifua kikuu kilipokuwa kinamaliza watu. Wanakijiji walipewa dawa wawagawie majirani zao. Mwaka 1968 serikali ya Marekani ikaanza kuugharamia rasmi, na leo unahudumia vijiji zaidi ya 170. Mhudumu anasoma kwa vipindi vinne vya wiki tatu hadi nne, na kati ya kipindi na kipindi anarudi kijijini kufanya kazi. Sisi hatuna wiki nne za mtu yeyote, maana huku mtu ana shamba. Lakini ule utaratibu wa kusoma, kurudi nyumbani kufanya kazi, kisha kuja na maswali, tuliuchukua kama ulivyo.

Siku ya kwanza waganga ndio waliofundisha. Vijana walitegemea kufundishwa miti, wakafundishwa kuuliza. Bibi mmoja alimweka kijana mbele yake kama mgonjwa, akaanza: umelala wapi jana, nani amekuleta, nani nyumbani hakutaka uje, umekula kwa nani? Dalili yenyewe aliigusa mwishoni kabisa. Muuguzi aliyekuwepo aliandika kurasa mbili. Baadaye aliniambia kuwa swali la "nani hakutaka uje" lingemsaidia kuelewa nusu ya akina mama wanaopotea kliniki, kwa kuwa mara nyingi uamuzi uko kwa mama mkwe au kwa mume aliye machungani.

Siku zilizofuata zilikuwa zamu yetu. Dalili za hatari kwa mtoto: hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea na haamki. Vijana walizitafsiri kwa Kisandawe na kuzikariri kwa sauti. Mimi na vidoko vya lugha ile hatujapatana bado, nikabaki kuitikia kwa kichwa.

Chale zilituchukua muda mrefu. Hatukusema waache. Tulisema wembe mmoja, mtu mmoja, halafu wembe uingie chooni. Mganga mmoja akauliza nani atanunua nyembe. Jibu ni mgonjwa: aje na wembe wake ukiwa kwenye karatasi, kama anavyokuja na kuku. Kwa kuwa hoja ilitoka kwa mganga mwenzao, ilipita.

Jambo lililonifurahisha ni asali. Wasandawe ni warina asali tangu zamani, na waganga wengi huipaka kwenye vidonda. Tabibu alieleza kuwa asali safi kweli huzuia vijidudu na hutumika hata hospitalini kwa vidonda vya aina fulani, mradi isiwe imechanganywa na maji au sukari. Kuanzia hapo wazee walikaa mkao mwingine. Walikuwa wameona kwamba hatukuja kukataa kila kitu.

Kuhusu macho tulikuwa wakali. Mkoa wa Dodoma unaijua trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha. Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo kadhaa, na ujumbe wa kunawisha watoto uso ulijaribiwa huko. Mtu mwenye vikope, kope zikimkwaruza jicho, huenda kwa yeyote atakayemtuliza. Hapo ndipo utomvu au majani yaliyosagwa hudondoshewa jichoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 hapa Tanzania ulikuta karibu robo ya vidonda vya kioo cha jicho vilihusiana na dawa za asili za macho. Tuliomba dawa ya majimaji ya jicho iachwe kabisa. Wawili walikataa kutamka neno lolote. Ukimya huo sikuuhesabu kuwa kukubali.

Novemba, mwisho wa mwezi: Simu na miti

Kijana mmoja, mwenye akili nyingi na simu nzuri, alipendekeza tupige picha kila mti, tuandike jina, sehemu inayotumika na kipimo, tuweke kwenye kanzidata. Nia yake ilikuwa njema: wazee wanakufa na mikoba inazikwa nao.

Mzee mmoja aliyerithishwa mkoba na mama yake aliuliza swali moja tu: "Ukishaweka humo, ukiulizwa na mtu wa mbali, utamwambia aje kwangu?"

Tuliahirisha hadi kesho yake, na usiku nikaandaa somo ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Niliwaeleza habari za Wasan wa Afrika Kusini na mmea wa hoodia, ambao wawindaji walikuwa wakiutafuna kuzima njaa. Baraza la utafiti la nchi ile lilichukua hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya kiambato chake miaka ya 1990 bila kuwauliza wenye maarifa. Ilipofika 2003 ndipo mkataba wa kugawana mapato ukasainiwa, tena baada ya kelele. Nikawaeleza Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007, ibara ya 24, linalosema watu hawa wana haki ya dawa zao za jadi na ya kuhifadhi mimea yao ya tiba, na papo hapo wana haki ya huduma zote za hospitali bila ubaguzi. Nikaongeza mkataba uliopitishwa Geneva Mei 2024, ambao utamtaka anayeomba hataza ataje maarifa ya jadi yametoka kwa jamii ipi. Wazee waliipenda zaidi ile ibara, hasa kwa sababu inaruhusu yote mawili. Hakuna aliyetaka kuchagua kati ya mizizi na zahanati.

Uamuzi: hatuandiki mchanganyiko wala kipimo cha mtu yeyote. Mimea ambayo kila nyumba inaijua, ubuyu, ukwaju, mlonge, tunaweza kuitaja. Mganga anayetaka dawa yake ichunguzwe, njia ipo: Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli. Lakini anakwenda kwa hiari na kwa jina lake. Kijana wa simu alinuna siku nzima, kisha akaomba mzee yule amchukue awe mwanafunzi wake. Amekubaliwa kwa masharti ambayo sikuambiwa.

Desemba hadi Machi: Masika

Hakuna darasa. Mvua ya Dodoma ni moja kwa mwaka, na mtu anayekuita semina wakati wa palizi ya uwele hakutakii mema. Makorongo yakajaa na Mto Bubu ukafunga barabara mara kwa mara. Tulibaki na ufuatiliaji kwa simu, na karatasi za rufaa zikaanza kazi.

Nieleze karatasi yenyewe, kwa sababu mradi mzima umekuja kusimama juu yake. Ina vipande viwili. Cha kwanza mganga anampa mgonjwa: michoro ya dalili, anaweka alama kwenye mchoro, hahitaji kuandika. Cha pili kinajazwa zahanati na kurudi kwa mganga.

Wiki za mwanzo waganga walituma watu vizuri kuliko tulivyotarajia. Kisha, kufikia Februari, karatasi zikakauka. Nilidhani ni mafuriko. Vijana wakaniambia la: vipande vya kwenda vilikuwa vinafika, vya kurudi havirudi. Baya zaidi, katika zahanati mojawapo mama aliyefika na karatasi alipokelewa kwa maneno mbele ya foleni: mmeshindwa kwa waganga ndiyo mnatuletea? Mama akarudi nyumbani na mtoto wake, akamwambia bibi aliyemtuma. Bibi akafunga kitabu cha karatasi, akakiweka juu ya kabati.

Nilipokwenda kumsalimia hakuwa na hasira. "Mwanangu, mimi mtu akinitumia mgonjwa nampelekea habari. Ninyi mnapokea tu."

Machi 2025: Kikao chini ya mkungugu

Tulikaa watu wachache, bila posho: waganga, wakunga, tabibu, wauguzi, mtendaji, vijana wawili wa kutafsiri. Mkutano ulikuwa mgumu, na ninauandika kwa urefu kwa kuwa yeyote atakayeanzisha jambo hili ataufikia.

Waganga walitaka kujua mgonjwa wao amekutwa na nini. Tabibu akasema hawezi. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na akimwambia mganga leo, kesho atamwambia mume au mwajiri. Mganga mmoja akajibu kuwa yeye siri za kijiji hiki anazijua kuliko faili lolote na hajawahi kuitoa hata moja. Wote wawili walikuwa na haki, na kwa muda tulikwama hapo.

Aliyetukwamua ni mkunga mmoja wa jadi. Alisema kipande cha kurudi apewe mgonjwa mwenyewe. Zahanati iandike mambo matatu tu: amefika, amehudumiwa, arudi tarehe fulani. Mgonjwa akitaka kumwambia mganga ugonjwa, atamwambia kwa mdomo wake. Asipotaka, mganga atajua walau kwamba mtu wake alipokelewa, na atamkumbusha tarehe. Tabibu alikubali papo hapo. Kuhusu lugha ya pale dirishani, mganga mkuu wa kituo alisema neno moja fupi kwa wauguzi wake, mbele yetu, na sitalirudia hapa.

Likaja suala la kuku. Mganga akimtuma mgonjwa zahanati, ujira wake umekwenda. Walitaka mradi ulipe kwa kila karatasi. Nilikataa na bado nakataa: siku tukianza kulipa karatasi, kila mwenye mafua atatumwa kilomita ishirini. Lakini sina jibu zuri, na nashuku mipango mingi ya aina hii hufa kimyakimya kwa sababu hiyo, halafu ripoti husema "mwamko mdogo wa jamii".

Huko Anchorage, Alaska, taasisi ya afya ya wenyeji ina kliniki ya tiba ya jadi ndani ya mfumo wake, na daktari anaweza kumpeleka mgonjwa kwa mganga wa jadi. Nilipowasimulia wazee, walicheka sana wakiwaza daktari akiwaandikia barua. Tabibu hakucheka. Alisema kuna wagonjwa wawili wa huzuni baada ya msiba ambao yeye hana la kuwapa, na angependa kujua nani hapa anayajua matambiko ya kumaliza matanga. Karatasi yetu haikuwa na mchoro wa upande huo. Sasa inao.

Aprili 2025

Mchapaji wa Dodoma mjini amechelewesha karatasi mpya. Wabarbaig tuliowaalika wamehamia mbali kufuata malisho. Hakuna zaidi.

Mei 2025: Awamu ya pili

Tulianza na mahindi, kwa kuwa mavuno yalikuwa yanaingia. Watu wa Chemba na Kondoa wanaukumbuka mwaka 2016, ugonjwa wa macho ya manjano na tumbo kujaa ulipoua watu Dodoma na Manyara. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka. Kwa mganga, familia nzima kuugua kwa mpigo ni jambo linaloita maelezo ya aina nyingine, na wao ndio huletewa wagonjwa wa kwanza. Tulichoomba ni kitu kimoja: ukiona manjano kwa watu wawili wa nyumba moja, mpigie simu mhudumu wa kijiji siku hiyohiyo, hata kama unaendelea na yako. Kisha tukaenda uani kuangalia mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo mtupu. Kila mtu alikuwa na kisingizio cha kukosa turubai.

Kifafa. Wengi waliamini povu linaambukiza, kwa hiyo anayeanguka motoni huachwa aungue. Tulirudia hadi ikachosha: haliambukizi, mvute kutoka motoni, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Aliyeanzishiwa vidonge asiviache ghafla, hata mganga akimwona amepona. Mzee mmoja alisema mtoto wa kaka yake alipelekwa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma iliyopo tangu 1927, akarudi na vidonge, na nyumbani wakavitupa kwa aibu ya jina la Mirembe. Ilibidi darasa lisimame kidogo.

Kifua kikuu ndicho kilichotupa matunda. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda: hao wote ni wateja wa waganga, maana mwanzoni hufanana na kurogwa taratibu. Makohozi yanachukuliwa kijijini na kupelekwa kwenye mashine, vipimo na dawa ni bure, tiba ni miezi sita. Mgonjwa hujichagulia msimamizi wa kumwangalia akimeza dawa. Mzee mmoja aliyegundulika mwezi Aprili alipoulizwa msimamizi wake ni nani, alimtaja mganga aliyemtuma. Muuguzi alinipigia simu kuuliza kama inaruhusiwa. Hakuna kinachokataza. Sasa vidonge vinamezwa kilingeni kila asubuhi, mganga anaweka alama kwenye kadi, na mteja mwingine akifika anaona.

Julai 2025: Vijana na mpango wa serikali

Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: 137,294 kwa nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke na mwanaume, mafunzo ya miezi sita. Vijana wetu wanataka kuomba, na waombe. Hofu yangu ni kwamba wakiondoka kusoma watarudi na fulana na kusahau njia ya kwa bibi. Tumewaandikia barua za utambulisho zinazotaja kuwa wamefanya kazi na waganga, jambo ambalo sidhani fomu yoyote inaliuliza.

Agosti 2025: Awamu ya tatu

Awamu fupi. Wakunga wa jadi waligawana vitongoji: kila mmoja anajua wajawazito wake, na mimba ikifika mwezi wa nane anamsindikiza mama hadi nyumba ya kusubiria karibu na kituo cha afya. Bibi mmoja aliomba ruhusa ya kukaa ndani ya chumba cha kujifungulia, mkono wa mama ukiwa mikononi mwake. Kituo kimoja kimekubali, kingine kinafikiria.

Wale wawili walionyamaza kuhusu dawa ya macho: mmoja amemleta mkewe mwenye vikope kwa upasuaji. Wa pili bado ananyamaza.

Tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika inayoadhimishwa tangu 2003, watatu kati ya waganga wetu walikabidhi barua za kuomba usajili kwa mratibu. Wengine walikuja kula pilau na kuangalia.

Kinachobaki ni karatasi. Fedha za kuchapa zinaisha Desemba na mfadhili hataongeza. Mtendaji wa kijiji amependekeza daftari la kawaida la shule, ukurasa ukunjwe katikati na kuchanwa, na michoro igongwe kwa muhuri wa mpira. Fundi wa mihuri yupo Kondoa. Tumeagiza mihuri sita.